Kibao ni Mtumishi wa Umma

Mtumishi wa kwanza wa umma anayekutana na mwananchi katika ofisi yoyote ni kibao. Kabla mwananchi hajaulizwa jina lake, kabla hajapewa fomu, kabla hajaambiwa asubiri au arudi kesho, yeye huinua macho akitafuta maandishi ya kumwonyesha aendako. Akiyaona na kuyaelewa, huduma imekwisha kuanza. Asipoyaona, au akiyaona asiyaelewe, amekwisha kunyimwa huduma hata kabla ya kufunguliwa mlango. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya vibao vya hospitali, vya vituo vya mabasi, vya mahakama, vya ofisi za ardhi na za kodi, tunazungumza juu ya haki, ingawa wengi hudhani kwamba ni habari ya rangi na mapambo.

Nani kati yetu asiyevijua vibao tunavyovilalamikia? Kibao kilichobeba cheo kirefu cha mkubwa kwa herufi nene, na saa za kazi zikaandikwa chini yake kwa herufi za ukubwa wa punje ya ulezi. Karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi, ya juu ikimpeleka mtu dirisha la tatu, ya chini ikimpeleka dirisha la tano. Mshale unaoelekeza ukutani. Amri za rangi nyekundu kila upande: marufuku hiki, hairuhusiwi kile, usipite hapa, na katika msitu wote huo wa makatazo hakuna kibao kimoja kinachomwambia mtu apite wapi.

Mwananchi afanye nini? Humwuliza mlinzi. Mlinzi akiwa mwema, humwelekeza. Akiwa amechoka, humwonyesha kwa kidevu. Na pale ambapo maelezo yamekuwa haba, huzuka wauzaji wa maelezo. Hao ndio vishoka wanaozunguka nje ya ofisi, ambao mtaji wao mkubwa ni kujua mlango upi ni wa nini. Tunawalaani vishoka kila siku katika mikutano na semina, lakini hatujiulizi ni nani aliyewapa bidhaa ya kuuza. Tumewapa sisi wenyewe, kwa kuficha jambo ambalo lilipaswa kuandikwa ukutani kwa herufi zinazosomeka. Kibao chema hakiendi kunywa chai, wala hakiombi chai. Humwambia tajiri na maskini neno lile lile, asubuhi na jioni, bila kuwatazama nguo.

Wako wanaosema kwamba kazi hii haihitaji taaluma. Kwamba yeyote awezaye kushika brashi au kubofya kompyuta aweza kuandika kibao. Hii ni kasumba, na yafaa tuing'oe kwa hoja. Usanifu wa herufi ni kazi yenye kanuni zake, kama ilivyo kazi ya kupima kiwanja au kutia umeme nyumbani. Msanifu hujiuliza: msomaji atasimama umbali gani? Atakuwa akitembea, au yumo ndani ya gari? Kuna mwanga kiasi gani? Herufi iliyofumbana, inayosomeka vizuri kitabuni, hugeuka doa inapotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. A, e na o huonekana kuwa kitu kimoja, na tarakimu 3, 6 na 8 huchanganyika. Herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi huonekana nene kuliko zilivyo, hasa zinapomulikwa taa usiku. Kwa sababu hiyo unene wake hupunguzwa. Herufi zikibanana, neno huvurugika. Zikiachana mno, neno husambaratika. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu huwa na umbo la tofali, na maneno yote hufanana kwa mbali. Bali "Mapokezi" kwa herufi ndogo lina p inayoshuka na k inayopanda, na macho hupata pa kushika. Mambo hayo hayajulikani kwa kubahatisha. Yamepimwa.

Tutazame basi jinsi miji mingine ilivyolishughulikia jambo hili, tusije tukasema kwamba halikupata kufikiriwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuta za vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London zilikuwa zimejaa matangazo ya biashara. Abiria aliyetazama dirishani aliona sabuni, chai na maigizo; jina la kituo lilikuwa limezama humo. Mwaka 1908 viongozi wa reli hiyo walianza kuliweka jina la kituo juu ya duara nyekundu ili litokeze. Bado herufi zenyewe zilikuwa za kila namna. Mwaka 1913 Frank Pick, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo, alimwendea Edward Johnston, bingwa wa kuandika hati kwa mkono, akamtaka atengeneze herufi za reli peke yake, ambazo hakuna mtu angeweza kuzidhania kuwa ni za tangazo la biashara. Herufi hizo zilikamilika mwaka 1916. Hazina vijimkia wala madoido. Uwiano wake ulichukuliwa kutoka herufi kubwa za Warumi wa kale. O yake ni duara kamili. Zilirekebishwa mwaka 1979, zikarekebishwa tena mwaka 2016, na mpaka leo ndizo sauti ya usafiri wa umma wa mji huo.

Katika kisa hiki, wengi humsifu Johnston, na anastahili. Sisi tunataka watumishi wa serikali wamtazame Pick. Yeye hakuwa mchoraji. Alikuwa mwanasheria kwa elimu na mtawala kwa kazi. Alikaa ofisini, akasoma majalada, akahudhuria vikao kama wahudhuriavyo watawala wote. Lakini alitambua kwamba abiria aliyeshuka kituo kisicho chake amedhulumiwa nauli na muda wake, na kwamba dhuluma hiyo imo ndani ya madaraka ya mtawala. Akamtafuta mjuzi, akamwambia linalotakiwa, kisha akailinda kazi yake isiharibiwe. Ofisi nyingi hazikosi wajuzi. Zinakosa mtawala wa namna hiyo.

Kisa cha pili ni cha barabara za Uingereza. Mpaka miaka ya 1950, vibao vya barabara za nchi hiyo vilikuwa mchanganyiko wa maumbo, rangi na maandishi ya zama mbalimbali. Zilipoanza kujengwa barabara za mwendo kasi, ilidhihirika kwamba dereva asingeweza kuvisoma vibao vya zamani kwa kasi hiyo. Mwaka 1957 iliundwa kamati chini ya Sir Colin Anderson, na msanifu Jock Kinneir akapewa kazi, akisaidiwa na Margaret Calvert, kijana aliyezaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1936. Mwaka 1961 ikaundwa kamati nyingine, ya Sir Walter Worboys, kushughulikia barabara zote zilizobaki. Na vibao vipya vikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1965.

Kinneir hakuanza kwa kuuliza kibao kipendeze vipi. Alianza kwa kuuliza: mimi niliye ndani ya gari linalokwenda kasi, nataka kujua nini? Kutokana na swali hilo ilizaliwa kazi yote. Wawili hao walichora herufi mpya, ndogo na kubwa pamoja, badala ya herufi kubwa tupu. Walichora aina mbili za unene, moja ya maandishi meusi juu ya rangi nyeupe na nyingine ya maandishi meupe juu ya rangi iliyokoza. Walifanya ukubwa wa kibao utokane na maneno yaliyomo, badala ya kuyabana maneno yaingie ndani ya ubao uliokwisha kukatwa.

Kulikuwa na upinzani. David Kindersley, mchongaji hodari wa herufi, alitetea herufi kubwa zenye vijimkia, naye alikuwa na hoja. Kilichofanyika ni cha kujifunza. Aina hizo za herufi zilipelekwa kwenye uwanja wa ndege, zikafungwa juu ya magari, na watu wa kawaida wakakaa mbele yake huku magari yakiwajia, ili ionekane nani anasoma nini kutoka umbali gani. Tofauti iliyopatikana kati ya herufi hizo ilikuwa ndogo, na kwa kiasi kidogo ilimpendelea Kindersley katika kusomeka kwa mbali. Kamati ikachagua herufi za Kinneir na Calvert kwa kuzingatia pia sura ya mpango mzima. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo mpaka leo. Lakini mabishano hayo yana vipimo ndani yake. Je, ni kibao gani cha ofisi yetu kilichowahi kujaribiwa mbele ya macho ya mwananchi mmoja kabla ya kupigiliwa misumari?

Calvert ndiye aliyechora picha nyingi za vibao hivyo. Kibao cha zamani cha shule kilionyesha mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana. Calvert aliona kwamba picha ile ilikuwa ya shule za watu wachache, akaibadilisha: msichana akawa ndiye anayemshika mkono mvulana mdogo. Walimu wanaosoma makala hii wataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Picha ya kibao hufundisha ni nani anayehesabiwa kuwa raia na nani anayeongoza, na hufundisha kila siku, bila ratiba.

Wawili hao hawakuishia barabarani. Walichora herufi nyingine kwa ajili ya vibao vya hospitali za umma, na herufi hizo hizo zikachukuliwa na shirika la reli la nchi hiyo mwaka 1965. Na serikali ya Uingereza ilipokusanya huduma zake katika tovuti moja mwaka 2012, ilitumia herufi zilizotokana na zile za barabarani. Herufi zilizopimwa kwa ajili ya dereva zikamhudumia mlipa kodi. Huko ndiko kuweka akiba: kazi moja iliyofanywa vizuri ikatumika kwa zaidi ya miaka hamsini.

Wapo watakaosema: hao ni Waingereza, watu wao walikwisha kujua kusoma. Basi twende Mexico. Reli ya chini ya ardhi ya Jiji la Mexico ilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1969, katika mji ambao wakazi wengi hawakujua kusoma. Lance Wyman, msanifu Mmarekani aliyekwisha kuifanyia kazi michezo ya Olimpiki ya 1968 iliyofanyika katika mji huo, alitengeneza kwa kila kituo picha yake, na kwa kila njia rangi yake. Kituo cha Chapultepec kilipewa panzi, kwa kuwa jina hilo katika lugha ya Kinahuatl lina maana ya kilima cha panzi. Kituo cha Pino Suárez kilipewa picha ya hekalu la kale lililofukuliwa wakati wa kuchimba njia hiyo. Mama asiyejua herufi hata moja aliweza kuambiwa: panda hapa, shuka kwenye panzi. Naye akafika.

Tazama heshima iliyomo humo. Asiyejua kusoma hakukemewa wala hakusukumwa pembeni. Historia na lugha za wenyeji hazikufichwa, bali zilifanywa ufunguo wa safari. Njia mpya zilipoongezwa, vituo vyake navyo vilipewa picha zake, na utaratibu huo unaendelea.

Hata hivyo, tusimfanye msanifu kuwa mungu mdogo. New York inatoa onyo, tena la pande mbili. Mwaka 1966 mamlaka ya usafiri ya mji huo iliwaita Massimo Vignelli na Bob Noorda wa kampuni ya Unimark. Noorda alikaa vituoni akifuatilia abiria, apate kujua ni mahali gani hasa mtu husita na kuhitaji kuelekezwa; kazi ya busara. Lakini utengenezaji wa vibao ulifanywa na karakana ya mamlaka yenyewe bila usimamizi wa kutosha. Katika michoro, mstari mweusi wa juu ulionyesha kipande cha chuma cha kushikilia kibao. Karakana ikaupaka rangi kama sehemu ya maandishi. Vibao vipya vilitundikwa, na vya zamani vikaachwa pale pale, vikabishana mbele ya abiria. Ilipofika mwaka 1970 ndipo kilipotolewa kitabu kamili cha kanuni. Onyo la kwanza ni hilo: ustadi usiosimamiwa na utawala huishia kuwa vurugu mpya juu ya vurugu ya zamani.

Onyo la pili lamhusu msanifu mwenyewe. Mwaka 1972 ilitolewa ramani ya Vignelli ya reli hiyo, ya mistari iliyonyooka na rangi za kupendeza. Wasanifu waliisifu. Abiria wengi walinung'unika, kwa kuwa bustani kubwa ya Central Park, ambayo ni ndefu, ilichorwa kama mraba, na mtu aliyetoka kituoni hakuiona juu ya ardhi dunia aliyoonyeshwa katika ramani. Mwaka 1979 ramani hiyo ikaondolewa. Ramani ya London ya Harry Beck, iliyochapishwa mwaka 1933, nayo ilipinda jiografia, lakini abiria wa London waliikubali. Hakimu wa kazi hii, kwa hiyo, ni mtumiaji. Msanifu asiyekubali kuhukumiwa na mtumiaji hana tofauti na mrasimu. Mmoja anaabudu mhuri na mwingine anaabudu mstari.

Sasa turudi kwetu sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili, kwa maana hapa ndipo penye lawama yetu kubwa. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu waliokomaa, wenye mikono iliyozoea jembe, wakakaa chini ya miembe wakajifunza a, e, i, o, u. Lugha yetu iliwasaidia, kwa sababu huandikwa kama inavyotamkwa. Anayejua herufi zake aweza kulisoma neno lolote. Ni mataifa machache yaliyojaliwa neema hiyo. Je, tumeitumia namna gani ukutani? Mtu aliyejifunza kusoma uzeeni huenda kwenye ofisi ya umma, akakuta kibao cha lugha ya kigeni kwa herufi kubwa, na Kiswahili kikiwa chini yake, chembamba na kilichopauka, kama mtoto wa kambo. Huko ni kumfundisha mtu kusoma, kisha kumficha kitabu.

Tena Kiswahili kina maumbile yake, na vibao vingi huandikwa kana kwamba maumbile hayo hayapo. Katika lugha yetu neno linalotofautisha huja mwisho. Simama katika ukumbi wa ofisi usome milango: OFISI YA AFISA ARDHI, OFISI YA AFISA ELIMU, OFISI YA AFISA UTAMADUNI. Macho husoma maneno matatu yale yale mara tatu, na neno analolitafuta mwananchi, yaani ardhi, elimu au utamaduni, limesukumwa ukingoni, pengine limebanwa kwa kuwa ubao umekwisha. Kwa nini kibao kisiseme "Ardhi" kwa herufi kubwa, na cheo kikafuata chini kwa herufi ndogo? Hakuna sheria inayokataza. Kinachokataza ni mazoea ya kudhani kwamba kibao kimewekwa ili kumtukuza aliyeko ndani, badala ya kumwongoza aliyeko nje.

Maneno yetu pia ni marefu. "Usajili wa Vizazi na Vifo" haliwezi kuandikwa katika ubao uliokatwa kwa kipimo cha neno fupi la kigeni. Mchoraji asiyejua hilo huzibana herufi mpaka zipoteze sura, au hukata neno katikati mahali pasipokatika. Wapo wanaodondosha ile alama ya juu katika ng', wakaandika "kungoa meno". Na kwa msomaji mgeni, hilo ni neno jingine. Haya ni mambo ya kitaaluma, yanayohitaji wasanifu wanaofikiri kwa Kiswahili, na vyuo vyetu vya sanaa na uchapishaji vinapaswa kuyafundisha kama somo kamili.

Liko pia suala la saa, dogo kwa kulitazama, kubwa kwa madhara yake. Kibao kinaandika "8:00 – 9:30" na kuishia hapo. Karani aliyekiandika alikusudia saa mbili asubuhi hadi saa tatu na nusu. Mkulima anayehesabu saa kwa Kiswahili asoma saa nane mchana hadi saa tisa u nusu. Amesoma sawasawa kwa lugha yake; anafika baada ya dirisha kufungwa, naye anaambiwa kwamba wananchi hawajali muda. La hasha! Wananchi wanaijali saa yao. Ni ofisi iliyoandika saa isiyo ya wananchi. Maneno mawili tu, "saa 2:00 asubuhi", yangeokoa nauli ya kwenda na kurudi.

Tunazijua hoja zitakazoletwa kutupinga. Ya kwanza ni fedha: kwamba dawa na madawati ni muhimu kuliko vibao. Hakuna anayebisha kwamba dawa ni muhimu. Lakini dawa iliyomo katika chumba ambacho mgonjwa hakukiona haijamponya mtu. Aidha, kibao kibaya na kibao kizuri hutumia ubao ule ule na rangi ile ile. Tofauti yake imo katika fikra, na fikra hulipiwa mara moja tu. Kinachokula fedha ni kuandika upya kila anapokuja mkubwa mpya.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu, ataelekezwa humo. Si kila mtu ana simu ya namna hiyo, wala si kila simu ina chaji pale mtoto anapougua usiku wa manane. Na simu nayo ni kibao. Isipoandikwa kwa herufi zinazosomeka na maneno yanayoeleweka, vurugu imehamishwa tu kutoka ukutani kuingia kiganjani.

Hoja ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba mwananchi anaweza kuuliza. Naam, anaweza. Lakini mama aliyekuja kutafuta matibabu ya aibu hataki kuuliza mbele ya foleni. Kiziwi hawezi kuuliza kwa urahisi. Mzee amekwisha kujibiwa kwa ukali mara mbili leo, na ya tatu hataithubutu. Anayesema "aulize" amekwisha kuamua kwamba haki ya mwananchi itategemea hali ya moyo wa atakayeulizwa.

Tunadai nini basi? Kwanza, kila mkuu wa ofisi aingie katika ofisi yake kwa lango la wananchi, akiwa na shida ya kubuni kichwani, afuate vibao tu bila kuuliza mtu. Atakapopotea, hapo ndipo pa kuanzia. Pili, msanifu wa herufi na vibao aitwe jengo lingali katika ramani, asiitwe baada ya rangi kukauka. Tatu, kila mji uwe na kanuni moja iliyoandikwa, ya herufi, rangi, picha na maneno, itakayofuatwa na hospitali, soko, kituo cha mabasi na mahakama, na isibadilishwe kwa matakwa ya mtu. Nne, kibao kipya kisitundikwe kabla ya cha zamani kuondolewa. Tano, kila kibao kijaribiwe na watu watatu kabla ya kukubaliwa: aliyejifunza kusoma uzeeni, asiyeona vizuri, na mgeni wa mji. Wakishindwa wao, kimeshindwa kibao.

Na kwenu walimu: ubao wa darasani ni kibao cha kwanza ambacho raia husoma maishani mwake. Mtoto aliyeona maandishi yaliyopangwa, yenye nafasi na yenye kumjali aliyeketi nyuma kabisa ya darasa, atakuwa karani anayemjali aliyesimama mwisho wa foleni. Wapelekeni wanafunzi sokoni na kituoni wakasome vibao, waulize kipi kinasema na kipi kinanyamaza, kisha wakiandike upya kile kilichoshindwa. Hilo ni somo la lugha, la sanaa na la uraia kwa pamoja, na halihitaji fedha yoyote.

Mtumishi anayemjibu mwananchi kwa jeuri huonywa, na akirudia hufukuzwa. Vibao vinavyowajibu wananchi kwa jeuri, kwa uongo au kwa ukimya viko kazini miaka nenda miaka rudi, bila onyo. Viondolewe.